Mkwe Kwenye Kona ya Mapipa

Jumapili za kiangazi kile, misa ikiisha, sikurudi Kwihara na wenzangu. Nilikata njia nyuma ya soko mpaka Chemchem, nikamkuta Batuli amekwisha funika sinia la vitumbua na kubandika birika la kahawa, tukaenda wote uwanjani. Batuli alikuwa mke wa Mabruki, fundi wa baiskeli. Watu wakiniuliza nafuata nini kwenye vumbi lile, nilisema namsaidia Batuli kuuza. Ilikuwa kweli, ila mimi nilikwenda kumtazama Wenceslaus.

Wenceslaus alikuwa mchumba wangu. Mahari ilikwisha pokelewa na nyumba zetu mbili zilikwisha kula pamoja, tulikuwa tunangoja tu padre atangaze ndoa. Kazi yake ilikuwa karakana ya reli, kusafisha mabehewa na kutia grisi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kunyamaza sana, na sikujua kwamba ndani yake kuna kitu kinachotaka mbio mpaka nilipomwona amepanda pikipiki ya Mabruki.

Kusema kweli haikuwa ya Mabruki. Ilikuwa ya shemeji yake, dereva wa Mwanza, aliyeiacha Tabora imekufa injini. Mabruki aliifufua. Makubaliano yao yalikuwa kwamba mvua zikianza shemeji atakuja na lori kuichukua. Kwa hiyo kila alichotaka Wenceslaus kwenye pikipiki ile, alikuwa na kiangazi kimoja cha kukipata.

Uwanja wenyewe ulikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara, mahali ambapo wapagazi walikuwa wakitua mizigo na kulala. Ardhi ilikanyagwa pale na miguu mingi hata majani yalikata tamaa. Wagiriki wa tumbaku, Waingereza na Wahindi wa mjini walichora njia ya mzunguko kwa chokaa, wakaweka mapipa matupu kwenye kona kali, wakawa wanashindana huko kila Jumapili ya kiangazi. Watu wetu tulikwenda kutazama, na wengine kusukuma pikipiki zilizogoma. Kukimbia, hakuna aliyekimbia. Haikuandikwa popote kwamba ni mwiko. Hakuna tu aliyeomba.

Wenceslaus aliomba. Alimfuata Bwana Kosta, Mgiriki aliyekuwa akishika bendera, akavua kofia, akasema, "Bwana, nataka kukimbia." Bwana Kosta akamtazama, akaitazama pikipiki, akainama kuukagua mnyororo. Akauliza nani kaukaza vizuri hivi. Kisha akampa kitambaa cha manjano.

Kitambaa hicho alishonewa mgongoni kila mgeni wa mchezo, awe Mzungu awe nani. Maana yake: huyu anajifunza, mpeni nafasi. Mgeni alikimbia nyuma ya wengine mashindano mazima. Akimaliza bila kuanguka na bila kutoka nje ya chokaa, Bwana Kosta anakikata kitambaa kwa kisu mbele ya watu, na tangu hapo ni mkimbiaji kama wengine. Akitoka nje mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, anarudi nyumbani mpaka kiangazi kijacho.

Na sisi kiangazi kijacho hatukuwa na pikipiki.

Jioni baada ya kazi Mabruki alimfundisha kwenye njia ya Kwihara, mimi nikiwa nimekaa juu ya kichuguu natazama. Nilidhani pikipiki inaendeshwa kwa mikono. Mabruki alikuwa akipiga kelele juu ya macho tu.

"Unatazama wapi wewe?"

"Natazama lile shimo, kaka."

"Basi utaingia shimoni. Tazama unakotaka kwenda. Shimo liache na mambo yake."

Anajaribu tena. Anaanguka, anafuta vumbi magotini, anainua chombo, anakipiga teke mpaka kinakubali. Sikumsikia akiilaumu njia wala pikipiki. Kila alipoanguka alirudi mahali pale pale alipoangukia, akapatazama kwa muda, akapapita. Mimi ni mtu wa kutazama, tangu shule ya masista nilikuwa nakaa nyuma natazama wenzangu, lakini sijapata kuona mtu anayesikiliza anachoambiwa na mwili wake kama yule.

Nyumbani mama yangu, Bertila, alikuwa na habari zake. Jirani mmoja alimwambia kwamba mkweo anapanda tukutuku la kuvunja miguu. Mama hakugombana. Aliendelea kubangua karanga, akasema, "Mtoto wangu simpi mtu nisiyejua anacheza na nini. Nitakwenda kuona kwa macho yangu." Nikadhani ni maneno ya kubangulia karanga.

Siku ya mashindano ya Wenceslaus nilikuwa na Batuli karibu na kona ya mapipa, maana ndipo watu walipojaa. Bendera ikashuka. Pikipiki zikaondoka na moshi wake, na nyuma kabisa kitambaa cha manjano. Alikwenda vizuri. Batuli, ambaye kwa kawaida hasifu kitu mpaka akionje, alisema, "Huyu anakaa juu yake kama amezaliwa nayo." Nikajifanya nahesabu vikombe.

Ndipo nikaona kaniki. Ng'ambo ya njia, nje kidogo ya chokaa, alisimama mwanamke aliyejifunika kaniki mpaka machoni. Angeweza kuwa mtu yeyote. Lakini mkono mmoja ulikuwa kiunoni, na kiwiko kimechomoza namna ninayoijua tangu nanyonya.

Wenceslaus naye akamwona.

Msomaji wa mahali pengine nimweleze. Kwetu Unyamwezini kijana akikwisha kupokelewa mahari hakutani uso kwa uso na mama wa mchumba wake. Akimwona njiani, huiacha njia, huingia majanini, huinamisha kichwa na kungoja mkwe apite. Hakuna ugomvi hapo, ndiyo heshima yenyewe, na mtoto wa kiume anafundishwa hivyo mpaka miguu inafanya bila kuuliza kichwa.

Basi miguu ya Wenceslaus ilifanya. Aliachia resi, akakanyaga breki, akaikata chokaa, akaingia nayo majanini, akageuzia usukani porini, akainamisha kichwa. Injini inanguruma, yeye ametulia kama yuko kanisani.

Akangoja mkwe apite.

Na mama angepita wapi? Mbele yake kulikuwa na pikipiki zinazokimbia. Akajifunika uso wote kwa kaniki, akasimama. Naye kwa adabu hakuweza kumgeukia kijana na kumwambia aende zake. Wakakaa hivyo, huyu anampisha huyu, wengine wanazunguka na kuzunguka na kuwamwagia vumbi wote wawili.

Watu wetu walielewa upesi. Kicheko kilianzia kwa wazee kikaenea. "Mkwe huyo," wakawa wanaambiana. "Kampisha mkwe." Wazungu hawakujua kinachochekwa. Mabruki alikimbia ameshika kofia yake ya kitambaa, na alipofika alimnong'oneza Wenceslaus jambo refu, lakini Wenceslaus alitikisa kichwa tu. Ilibidi mimi nizunguke nyuma ya watu, nimshike mama mkono, nimpeleke mbali. Alipotoweka ndipo Wenceslaus akainua uso. Mashindano yalikuwa yamekwisha.

Bwana Kosta akaja. "Injini mbovu?"

"Injini nzima, bwana," Mabruki akasema.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Ni mkwewe. Mama wa mchumba wake alisimama pale."

"Akamfanya nini?"

"Hakumfanya kitu, bwana. Alisimama."

Mabruki akaeleza, kwa Kiswahili chake cha mjini kilichonyooka, desturi yote. Bwana Kosta alisikiliza huku akiikunja bendera. Mwisho akasema, "Mimi nina mkwe Moshi. Kwa sababu yake nalima tumbaku Tabora." Hakucheka, kwa hiyo na sisi hatukujua kama tucheke. Akamtazama Wenceslaus, aliyekuwa bado ameishika pikipiki kama mtu aliyeshika ng'ombe wa watu. "Kanuni ni kwamba umetoka. Lakini sijawahi kuona mtu akitoka kwa sababu kama hiyo. Jumapili ijayo, mara moja tu. Na mkwe akae nyumbani."

Ilionekana ni rahisi. Mama hana haja ya kuja, na Wenceslaus ana haja ya kumaliza. Mabruki alifurahi mpaka akanunua kitumbua kwa mkewe mwenyewe.

Lakini jioni zile za katikati ya juma, juu ya kichuguu changu, niliona jambo lisilonipendeza. Wenceslaus alikuwa akigeuza shingo. Kidogo tu, kabla ya kila kona. Pembeni mwa njia ya Kwihara hupita wanawake wengi wanaotoka kuuza muhogo na kuni, na wengi huvaa kaniki. Kila kaniki ilipotokea, resi ilipungua na injini ikakohoa. Mara moja alitumbukia mtaroni kwa ajili ya bibi mmoja wa Itetemia ambaye hatumjui hata kidogo.

"Mkweo hayupo," Mabruki akamwambia. "Yuko nyumbani anasonga ugali."

"Najua, kaka."

"Sasa unamtafuta wa nini?"

Wenceslaus alifikiri kwanza, kama kawaida yake. "Simtafuti mimi. Macho ndiyo yanamtafuta. Nisipojua alipo, naona kama yuko kwenye kila kona."



Usiku nilimweleza mama. Nilimweleza yote, na shingo, na yule bibi wa Itetemia. Sikumwomba chochote, maana sikujua niombe nini. Mama akasonga ugali wake mpaka ukaiva, akaupakua, akanawa mikono.

"Kwa hiyo nikikaa nyumbani," akasema, "nitakuwa kila mahali."

"Ndiyo, mayu."

"Na nikienda atanipisha tena."

"Ndiyo."

Tukala. Mwisho wa chakula akasema, "Mwambie nitakuwa kwenye mapipa. Pale pale. Nitakaa kwenye kigoda, nitampa mgongo. Mkwe aliyempa mtu mgongo hajakutana naye. Apite."

Ni kweli ndivyo ilivyo. Njia ikiwa nyembamba na hakuna pa kuingilia, mkwe mwanamke huchuchumaa akageukia pembeni, na kijana akapita nyuma yake upesi. Lakini hiyo ni mara moja, njiani, na watu wana haraka zao. Nilipompa Batuli habari alicheka mpaka akakaa chini. "Kukaa na mgongo mashindano mazima? Si alitaka kuja kuona? Ataona nini, Bi Bertila, ataona miti?"

Nikampelekea mama swali hilo kama lilivyo. Akasema, "Wewe una macho. Utaniambia."

Jumapili ikafika. Mama alibeba kigoda mwenyewe kutoka Kwihara, akakiweka penye kona, akakalia, uso porini, mgongo kwenye chokaa. Watu wakaanza mizaha. Mzee mmoja akamuuliza kama ametumwa kulinda miti isiibiwe. Mama akamjibu kwamba miti ina adabu kuliko wengine. Nikasimama kando yake, nimetazama njia.

Nilimwona Wenceslaus kule kwenye mstari wa kuanzia akiinua kichwa, akatafuta, akauona mgongo wa mama. Akaushusha uso wake. Alipouinua tena alikuwa anatazama mbele.

"Wameondoka," nikasema.

"Nimesikia. Mimi si kiziwi. Yuko wapi?"

"Nyuma kabisa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa."

"Nyuma kabisa," mama akasema, kama mtu anayeonja chumvi.

Wakapita. Vumbi likatufunika, mama akapiga chafya lakini hakugeuka. Shingo ya Wenceslaus haikutikisika. Nilimsimulia kila nilichokiona: ameegemea kushoto, goti limetoka nje, amepita pipa la kwanza, la pili, amekwenda. Mzunguko uliofuata vivyo hivyo. Nikaanza kuona kwamba anaisogelea pikipiki iliyo mbele yake, ya kijana wa Kihindi wa duka la vitambaa, kwamba angeweza kumpita, na kwamba anajizuia kwa sababu kitambaa cha manjano hakiruhusu. Kuweza na kujizuia, vyote kwa pamoja, kwa mwendo ule. Nilijivuna kwa namna ambayo sijui kuiandika.

"Yule wako," mama akasema ghafla, "ni yule anayekohoa kabla ya kona."

"Umejuaje?"

"Wengine wanakuja wananguruma mpaka ndani. Mngurumo wake unanyamaza mapema, ndipo unaanza tena. Anaogopa?"

"Anajihadhari."

"Anaogopa kidogo," mama akasema, na sikusikia lawama ndani yake.

Tangu hapo nilikuwa nachelewa. Nikifungua kinywa, mama amekwisha sema: wanakuja, huyu ni mkubwa, huyu mnyororo wake umelegea, huyo wako. Mikono ameiweka magotini, macho yako kwenye miti, na sikio moja limeinuka kama la mbuzi.

Ndipo wakagongana. Sikuona ilivyoanza. Pikipiki mbili za mbele zilibanana penye pipa la pili, pipa likaruka kwa mlio wa sufuria, mmoja akaanguka, aliyemfuata akampanda, na vumbi likasimama ukuta mzima. Wote waliokuwa nyuma wakaingia humo. Watu wakapiga yowe. Nikaona gurudumu likitokea juu ya vumbi linazunguka peke yake.

Mama akakishika kigoda kwa mikono miwili.

"Nani?"

"Sioni, mayu."

"Nani kaanguka, Eustadia?"

"Sioni. Ni vumbi."

Mabega yake yakaanza kugeuka. Niliyaona. Nikaweka mkono wangu juu ya bega lake la kulia, na sijui hata leo kama nilikuwa namzuia au najishikilia nisianguke. Kama Wenceslaus alikuwa chini mle, kugeuka kusingemdhuru. Kama alikuwa bado anakuja, na atokee vumbini akutane na uso wa mkwe wake hatua chache mbele yake, miguu yake ingefanya kazi yake tena, na safari hii majanini kulikuwa na watu. Mama alilijua hilo kama nilivyolijua mimi. Alikuwa ametoka Kwihara na kigoda kichwani kuja kujua kama mtu atakayemwachia mtoto wake ni mzima, na jibu liko nyuma ya mgongo wake, na shingo ya kugeuza anayo.

Hakugeuka. Alifumba macho.

Kelele za watu zilikuwa nyingi, injini nyingine imelala ubavu inalia. Sikusikia kitu mle. Mama akasema polepole, "Huyo hapo. Amekohoa."

"Wapi?"

"Kulia kwako. Anatafuta njia. Nyamaza." Kisha, "Ameongeza."

Na kweli, upande wa kulia wa vumbi kikatokea kitambaa cha manjano. Alikuwa anakwenda karibu na mwendo wa miguu, katikati ya pipa lililolala na mtu aliyekaa chini ameshika kifundo, gurudumu lake likigusa chokaa lakini halijaivuka. Macho yake yalikuwa mbele, mahali alipotaka kwenda, na mahali hapo palipita nyuma kabisa ya mgongo wa mama yangu, karibu kiasi cha mtu kunyoosha mkono. Akapita. Upepo wake ukainua pindo la kaniki. Mama akalishusha.

"Amepita," nikasema.

"Najua kwamba amepita."

Wale wawili walioanguka waliinuka, mmoja akichechemea, na walikuwa wanagombana, kwa hiyo watu wakajua ni wazima. Wenceslaus alimaliza. Hakushinda kitu, kitambaa cha manjano hakishindi. Bwana Kosta alishusha bendera, akamsogelea, akatoa kisu, akakata nyuzi moja moja, na kitambaa kikatoka. Mabruki alimkumbatia Wenceslaus kisha akaikumbatia pikipiki. Bwana Kosta akasema Jumapili ijayo aje na jina lake kamili, aandikwe na wengine.

Wenceslaus alikuja kwenye kona akiisukuma pikipiki. Alisimama mbali kiasi cha heshima, akageuzia uso upande wa mjini, na mama ameelekea porini vile vile. Mimi niko katikati. Walikuwa wanasikilizana vizuri kabisa, wala hakukuwa na haja ya mtu wa kupeleka maneno, lakini ndivyo inavyotakiwa.

"Mwambie," mama akasema, "pipa la kwanza ananyamaza mapema mno. Mwenzake wa Kihindi alikuwa ananyamaza akiwa ameshafika."

Nikageuka nikamwambia Wenceslaus. Vumbi lilikuwa limemgeuza rangi, macho tu ndiyo yalikuwa yake.

"Mwambie mkwe," akasema, "nitalirekebisha."

Nikageuka nikamwambia mama.

"Mwambie nitakuja kusikia," mama akasema, akainuka, akajitwika kigoda, akashika njia ya Kwihara bila kutazama nyuma.